Problemu za hesabu za shule ya msingi: namna ya kuzitatua hatua kwa hatua

Mwisho wa darasa la sita, watoto wa Kongo wanafanya mtihani wa taifa ambao watu wengi wangali wanauita TENAFEP. Hesabu ni sehemu moja ya mtihani huo, pamoja na Kifaransa na maarifa ya jumla. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, watoto wengi wanaweza. Kinachowaogopesha ni problemu: yale maulizo yenye hadithi fupi, yenye kuandikwa kwa Kifaransa, ambapo mtoto mwenyewe njo anapashwa kuchagua operesheni ya kufanya.

Tangu Septemba 2019, shule ya msingi ya serikali ni ya bure, sawa vile kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinavyosema. Watoto wengi waliingia shuleni, na madarasa mengi yakajaa. Mwalimu mwenye darasa la kujaa hana muda wa kupitia kaye ya kila mtoto na kumwonyesha fasi alipopotea. Katika majimbo ya mashariki, watoto wengine wamekatisha masomo kwa miezi mingi juu ya vita na kukimbia. Kazi ya kueleza inabaki nyumbani, kwa mzazi, dada mkubwa ao jirani, na mara nyingine hao pia hawakusoma Kifaransa sana.

Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanyika kwa Kiswahili, na kwa mifano ya sokoni ambayo mzazi anaijua kuliko kitabu. Hapa chini kuna njia yenyewe, mitego inayorudi kila mara, na mazoezi pamoja na majibu yake.

Sokoni anajua, kwenye kaye anakosa

Mtoto anayeuzisha ndizi ao karanga barabarani anarudisha feza bila kukosa. Mteja akichukua vitu vya 3.500 na kutoa noti ya 5.000, mtoto anapanda pole pole: "Elfu tatu na mia tano, ongeza mia tano, elfu ine. Ongeza elfu moja, elfu tano." Anarudisha 1.500 na mteja anaenda zake.

Kesho yake shuleni, mtoto huyo huyo anaona 5.000 − 3.500 kwenye tablo na anaandika 2.500. Hakuchezacheza. Alitoa 3 katika 5 akapata 2. Kisha, kwa mamia, aliona 0 juu na 5 chini, akatoa ndogo katika kubwa, akapata 5. Alifuata kanuni aliyojitungia, na hakujiuliza kama jibu lake linaweza kuwa kweli. Kama angekuwa sokoni, angeona mara moja kwamba amejiibia 1.000.

Jambo hilo lilichunguzwa huko Brazil. Mwaka 1985, Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walitangaza uchunguzi walioufanya katika mji wa Recife, kwa watoto na vijana watano wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuzisha vitu sokoni. Pale sokoni, walijibu vizuri karibu maulizo 98 kwa 100. Walipopewa problemu za hadithi kwenye karatasi, walipata karibu 74 kwa 100. Walipopewa operesheni tupu, bila hadithi, walipata karibu 37 kwa 100. Mmoja wao, wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi 10 wakati nazi moja ni 35. Hakuongeza sifuri mwishoni sawa vile shule inavyofundisha. Alihesabu nazi tatu, 105. Tatu tena, 210. Tatu tena, 315. Na ile ya mwisho, 350. Jibu ni la kweli, na njia yake inafaa.

Mtoto anayekosa kwenye kaye, basi, mara nyingi tayari ana hesabu kichwani. Anahitaji kusaidiwa kuivusha hadi kwenye karatasi. Kwetu mashariki kuna mto mwingine wa kuvuka, ule wa lugha. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa, Kiswahili kikiwa kati yake, zitumiwe katika kufundisha. Lakini kadiri mtoto anavyopanda madarasa, Kifaransa njo kinatawala. Mtoto anaweza kujua kutoa vizuri kabisa, na akashindwa juu hajui maana ya "il lui reste".

Maulizo mane ya kujiuliza

Mwaka 1945, mwalimu mkubwa wa hesabu mwenye kuzaliwa Budapest, George Pólya, alitoa kitabu kinachogawanya kazi ya kutatua problemu katika hatua nne: kuelewa, kupanga, kufanya, na kurudi nyuma kuangalia. Nyumbani, hatua hizo zinaweza kugeuka maulizo mane ya Kiswahili ambayo mzazi anamuuliza mtoto, hata kama yeye mwenyewe hajui jibu:

1. "Wanatuambia nini?" Mtoto anasoma problemu mara mbili, kisha anafunika kitabu na kuisimulia kwa Kiswahili, kama hadithi. Akishindwa kuisimulia, hakuna haja ya kuanza kuhesabu. Neno moja la Kifaransa limemfunga, na linapashwa kutafutwa kwanza. Akiweza, anaandika kila namba na kitu chake: si "45.000" tu, lakini "45.000 FC, bei ya gunia".

2. "Wanatuuliza nini?" Ulizo lenyewe mara nyingi liko mwishoni. Mtoto anaandika kwa maneno yake kile kinachotafutwa, na anaacha nafasi tupu: "Faida = … FC".

3. "Tutafika namna gani?" Kama hatua moja haitoshi, anaandika hatua zote kabla ya kuanza. Kisha anafanya operesheni moja moja, upande wa kuume wa karatasi, na maelezo upande wa kushoto. Mwalimu akiona njia ni nzuri, hata kama namba moja imekosea, atajua fasi gani ya kurekebisha.

4. "Jibu hili linawezekana?" Mtoto anarudisha jibu ndani ya hadithi. Watoto 32 na nusu, gari lenye kilo 3, faida inayopita bei ya kuuzisha: majibu kama hayo yanajionyesha yenyewe.

Kosa la watoto wengi ni kuruka maulizo ya kwanza mawili. Wanaona namba mbili, wanazikamata, na wanaanza kuzidisha.

Mfano wa kwanza: gunia la makala

Mama mmoja anunua gunia la makala kwa 45.000 FC. Analipa motari 5.000 FC ili alifikishe kwenye soko. Anagawa makala yale katika mafungu 40 na kuuzisha kila fungu 1.500 FC. Amepata faida ngapi? Ni kiasi gani kwa mia?

Wanatuambia nini? Bei ya kununua, 45.000 FC. Usafiri, 5.000 FC. Mafungu, 40. Bei ya fungu, 1.500 FC.

Wanatuuliza nini? Faida kwa franka, kisha faida kwa mia.

Njia:
– Gharama yote: 45.000 + 5.000 = 50.000 FC. Shuleni inaitwa "prix de revient".
– Feza iliyoingia: 1.500 × 40 = 60.000 FC. Ni "prix de vente".
– Faida: 60.000 − 50.000 = 10.000 FC. Ni "bénéfice".
– Kwa mia: 10.000 : 50.000 × 100 = 20. Faida ni 20 kwa mia ya gharama.

Mtego uko kwenye usafiri. Mtoto anayesahau zile 5.000 anapata faida ya 15.000. Sokoni, kosa hilo lina jina: kula kapitali. Mwenye kuuzisha anafikiri amepata 15.000, anatumia 15.000 nyumbani, na asubuhi inayofuata feza ya kununua gunia na kulipa motari haitoshi tena.

Problemu inaweza kuendelea: mvua imelowesha mafungu 2, hayakuuzishwa. Feza iliyoingia sasa ni 1.500 × 38 = 57.000 FC, na faida inashuka hadi 7.000 FC. Kama gharama ingepita feza iliyoingia, shule ingeiita "perte", yaani hasara, na mtoto angetoa kinyume: gharama kutoa feza iliyoingia.

Mfano wa pili: kanuni ya tatu

Makopo 4 ya maharagi yanauzishwa 10.000 FC. Makopo 7 yatauzishwa ngapi?

Njia ya shule ya msingi ni kurudi kwanza kwenye kimoja. Kopo moja: 10.000 : 4 = 2.500 FC. Makopo saba: 2.500 × 7 = 17.500 FC. Hiyo njo kanuni ya tatu, "règle de trois". Mama anayeuzisha maharagi anaifanya kila siku bila kuipa jina.

Inaandikwa kwa mistari mitatu, na mtoto anapashwa kuzoea mpango huo:

makopo 4 → 10.000 FC
kopo 1 → 10.000 : 4 = 2.500 FC
makopo 7 → 2.500 × 7 = 17.500 FC

Mtego: si kila problemu inakubali kanuni hii moja kwa moja. Watu 6 wanalima shamba katika siku 10. Watu 4 watalilima katika siku ngapi? Mtoto anayefuata mpango bila kufikiri ataandika 10 : 6 × 4, na atapata siku 6 na zaidi kidogo. Jibu hilo linasema kwamba watu wachache wanamaliza mapema kuliko watu wengi. Mlimaji yeyote anajua kwamba ni uongo.

Hapa, kurudi kwenye kimoja kunamaanisha kuuliza: mtu mmoja peke yake angetumia siku ngapi? Angetumia siku nyingi zaidi: 10 × 6 = siku 60. Watu 4 wakigawana kazi hiyo, kila mmoja akitumika sawa na mwenzake: 60 : 4 = siku 15. Kabla ya kuanza, ulizo moja linatosha: "Cha kwanza kikiongezeka, cha pili kinaongezeka ao kinapunguka?" Maharagi yakiongezeka, bei inaongezeka. Walimaji wakiongezeka, siku zinapunguka.

Kinachobaki: kukitupa ao kukihesabu?

Kugawanya kunaacha mara nyingi kitu kinachobaki, na hapo watoto wengi wanapoteza pointi baada ya kuhesabu vizuri.

Watoto 130 wanapashwa kukaa kwenye mabenchi, watoto 4 kwa kila benchi. Mabenchi ngapi yanahitajika? 130 : 4 = 32, inabaki 2. Wale wawili wanaobaki ni watoto, hawawezi kukaa chini. Inahitajika benchi moja zaidi. Jibu ni mabenchi 33.

Papa ana 10.000 FC. Kaye moja ni 700 FC. Anaweza kununua kaye ngapi? 10.000 : 700 = 14, inabaki 200. Feza 200 hazinunui kaye. Jibu ni kaye 14, na anabaki na 200 FC.

Operesheni ni ileile, lakini katika hadithi ya kwanza tunaongeza kimoja, katika ya pili tunaacha. Mtoto anaona tofauti hiyo akirudi tu kwenye hadithi na kujiuliza: hiki kinachobaki ni nini?

Maneno madogo yanayogeuza problemu

Watoto wanafundishana maneno ya Kifaransa kama funguo: ukiona neno hili, fanya operesheni ile. Orodha hii inasaidia kuelewa:

– "en tout", "au total": vyote pamoja, mara nyingi ni kujumlisha.
– "il reste": kinachobaki, mara nyingi ni kutoa.
– "la différence": tofauti, ni kutoa.
– "le double", "le triple": mara 2, mara 3.
– "la moitié", "le tiers", "le quart": nusu, theluthi, robo, ni kugawanya kwa 2, kwa 3, kwa 4.
– "chacun": kila mmoja.
– "prix d'achat", "frais": bei ya kununua, gharama zingine.

Lakini ufunguo unaweza kufungua mlango usio wake. "Chacun" ni mfano. Maembe 15 yanagawiwa watoto 5 sawasawa, kila mmoja anapata ngapi? Ni kugawanya: 3. Watoto 5 wana kila mmoja maembe 3, yote pamoja ni ngapi? Ni kuzidisha: 15. Neno ni lilelile.

"De plus", yaani zaidi, linadanganya hata kuliko hilo. Amani ana maembe 12. Ana maembe 5 zaidi kuliko Furaha. Furaha ana ngapi? Mtoto anaona "zaidi", anajumlisha, anaandika 17. Lakini mwenye nyingi ni Amani. Furaha ana 12 − 5 = 7. Mzazi anaweza kuuliza tu: "Nani ana mingi?" Na mtoto atajirekebisha mwenyewe.

Na "le reste" ndani ya problemu za visehemu. Jamaa moja imevuna kilo 240 za maharagi. Inaweka robo kwa mbegu, inauzisha theluthi ya kinachobaki, na ingine ni ya kula. Ya kula ni kilo ngapi?

– Mbegu: 240 : 4 = kilo 60.
– Kinachobaki: 240 − 60 = kilo 180.
– Ya kuuzisha: 180 : 3 = kilo 60.
– Ya kula: 180 − 60 = kilo 120.

Kama problemu ingesema theluthi ya mavuno yote, ya kuuzisha ingekuwa 240 : 3 = kilo 80, na ya kula ingekuwa kilo 100. Kilo 20 zimepotea juu ya neno moja. Kwa problemu kama hizi, kuchora mstari mmoja mrefu na kuukata katika sehemu nne kunasaidia kuliko maelezo marefu.

Saa ya Kiswahili, saa ya shule

Problemu za muda zina mtego ambao mtoto wa Kinshasa anayesema Lingala hana. Nyumbani, mama anasema "saa mbili ya asubuhi". Kitabu kinasema 8 h. Mtoto anapashwa kujua kwamba kati ya saa ya Kiswahili na saa ya shule kuna tofauti ya 6: saa moja ya asubuhi ni 7 h, saa tano ni 11 h. Mchana, kwa saa 24, saa nane ni 14 h.

Gari linatoka saa 7 h 45 na linafika 11 h 20. Safari imechukua muda gani? Watoto wengi wanaandika 11,20 − 7,45 = 3,75, wakisahau kwamba saa moja ina dakika 60, haina 100. Njia ni kukopa saa moja: 11 h 20 ni sawa na 10 h 80. Kisha 80 − 45 = dakika 35, na 10 − 7 = saa 3. Safari imechukua saa 3 na dakika 35.

Njia ya sokoni pia inafaa, ile ya kupanda: kutoka 7 h 45 hadi 8 h ni dakika 15, kutoka 8 h hadi 11 h ni saa 3, kutoka 11 h hadi 11 h 20 ni dakika 20. Jumla: saa 3 na dakika 35. Majibu mawili yakikutana, mtoto anaweza kulala bila wasiwasi.

Feza mbili, na nukta ya simu

Katika miji ya mashariki, dola na franka za Kongo zinatembea pamoja, na watoto wanapata problemu za kubadilisha. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba dola 1 ni 2.800 FC. Dola 15 ni 2.800 × 15 = 42.000 FC. Franka 70.000 ni 70.000 : 2.800 = dola 25. Mtoto asiyejua kama anapashwa kuzidisha ao kugawanya anaweza kujiuliza: "Namba yangu itakuwa kubwa ao ndogo?" Kutoka dola kuelekea franka, namba inakuwa kubwa, basi ni kuzidisha. Kutoka franka kuelekea dola, inakuwa ndogo, basi ni kugawanya.

Mwenye kusaidia kwa simu achunge nukta. Kwetu, 12.500 ni elfu kumi na mbili na mia tano; nukta inatenga tu maelfu, na sehemu ndogo zinatengwa kwa alama ya mkato: 2,5. Lakini kwenye mashini ya kuhesabu ya simu nyingi, nukta inafanya kazi ya mkato. Ukiandika 12.500 × 3, simu inajibu 37.5, juu imesoma kumi na mbili na nusu. Jibu la kweli ni 37.500. Kwenye simu, namba inaandikwa bila nukta: 12500.

Kuhakikisha jibu

Njia ya kwanza ni kukadiria. Kabla ya kufanya 347 × 26, mtoto anajua kwamba 350 × 25 ni 8.750. Jibu linapashwa kuwa karibu na hapo. Akipata 9.022, inawezekana. Akipata 90.220, amesogeza safu moja.

Njia ya pili ni ile ya tisa, "preuve par neuf", ambayo wazazi wengi wanaikumbuka kwa msalaba wake kwenye kaye. Tunajumlisha tarakimu za kila namba hadi ibaki moja:

– 347: 3 + 4 + 7 = 14, kisha 1 + 4 = 5.
– 26: 2 + 6 = 8.
– Tunazidisha: 5 × 8 = 40, kisha 4 + 0 = 4.
– Jibu, 9.022: 9 + 0 + 2 + 2 = 13, kisha 1 + 3 = 4.

4 na 4 zinakutana. Kama zingetofautiana, operesheni ingekuwa na kosa kwa hakika. Lakini zikikutana, si hakika kamili. Mtoto akigeuza tarakimu na kuandika 9.202, jumla ni ileile na njia ya tisa haioni kitu. Njo maana kukadiria kunakuja kwanza, na njia ya tisa inafuata.

Kwa kugawanya, kuhakikisha ni rahisi: jibu mara namba ya kugawanyia, ongeza kinachobaki. 32 × 4 + 2 = 130. Imerudi nyumbani.

Mazoezi

1. Mama Neema ananunua bidoni ya litre 20 ya mafuta ya mawese kwa 48.000 FC na analipa usafiri 2.000 FC. Anauzisha litre moja 2.900 FC. Faida ni ngapi, na ni kiasi gani kwa mia?

2. Wanafunzi 75 wanapashwa kuvuka mto. Mtumbwi unabeba wanafunzi 12 kwa kila safari. Safari ngapi zinahitajika?

3. Bahati ana miaka 14. Ana miaka 5 zaidi kuliko dada yake Riziki. Riziki ana miaka ngapi?

4. Mwaka 1950, Jean de Heinzelin, mtaalamu kutoka Ubelgiji, aligundua huko Ishango, fasi mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, leo Kivu ya Kaskazini, mfupa mdogo wenye alama za kukatwa zilizopangwa kwa mafungu. Unakadiriwa kuwa na miaka karibu 20.000, na unatunzwa Brussels. Wataalamu hawajakubaliana kuhusu maana ya alama hizo, lakini alama zenyewe zinahesabika. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Safu ingine ina 11, 21, 19 na 9. Ya katikati ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Kila safu ina alama ngapi, na zote pamoja ni ngapi?

Majibu

1. Gharama: 48.000 + 2.000 = 50.000 FC. Feza iliyoingia: 2.900 × 20 = 58.000 FC. Faida: 8.000 FC. Kwa mia: 8.000 : 50.000 × 100 = 16.

2. 75 : 12 = 6, inabaki wanafunzi 3. Hawaachwi ng'ambo. Safari 7.

3. Mkubwa ni Bahati. 14 − 5 = miaka 9.

4. Safu mbili za kando zina kila moja alama 60, ya katikati ina 48. Zote pamoja: 60 + 60 + 48 = 168. Kwa kujumlisha haraka, mtoto anaweza kutafuta jozi zinazofanya 30: 11 na 19, 13 na 17, 11 na 19, 21 na 9.